Kule kwa Najat

Bi Mwanahija alitokeza kwenye mlango wa abiria wa uwanja wa ndege wa Baiyun amevaa koti zito la sufu, skafu imemzunguka shingoni, na miguuni buti zenye manyoya kwa ndani. Ilikuwa katikati ya Septemba, na jua la Guangzhou lilikuwa likiunguza hata vyuma vya kushikia ngazini. Hasna, bintiye wa pili, alikuwa amesimama kwenye kizuizi pamoja na mwanawe Nahla. Hakumtambua mama yake mpaka alipoiona ile namna yake ya kutembea, bega moja mbele, kama mtu anayepenya kwenye umati hata pale pasipokuwa na watu.

"Mama, koti la nini na joto lote hili?"

"Dada yako kaniambia huku ni vuli," alisema Bi Mwanahija, jasho likimchuruzika kidevuni. "Na mwaka jana vuli ya kule kwa Najat ilinikuta sina hata soksi. Sikutaka kufedheheka mara ya pili."

Hasna alimvua koti palepale, akalibeba mpaka kwenye teksi, likamtoa jasho yeye. Kabla hawajafika barabara kuu alikuwa ameshaambiwa kwamba kule kwa Najat ukishuka kwenye ndege unakuta treni papo hapo, huna haja ya teksi. Guangzhou nako treni ilikuwepo. Hasna ndiye aliyeona vibaya kumpandisha mama yake treni na mabegi.

Hasna alikuwa mtoto wa Kikwajuni, Unguja. Alikuja Guangzhou alipoolewa na Gharib, wakala wa kusafirisha mizigo ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja katika jengo kongwe la Sanyuanli. Mwanzoni alikaa nyumbani. Baadaye wenye maduka wa Darajani na Kariakoo wakaanza kumwomba awachagulie vitambaa, kwa kuwa walitaka jicho la mtu anayejua mwanamke wa pwani anavaa nini harusini. Basi akawa anakwenda soko la vitambaa la Zhongda, anapiga picha majora, anazituma, anasubiri jibu, kisha anarudi kupiga picha nyingine kwa sababu rangi iliyoonekana kwenye simu sio. Kichina chake kilikuwa cha sokoni. Kila mwenye duka alimwita laoban, bosi, na neno alilojibiwa kuliko yote lilikuwa meiyou, hakuna. Akirudi nyumbani, ghorofa ya tisa, alikuta sebule ndogo, vyumba viwili, na jiko ambalo friji ikifunguliwa mtu hapiti.

Najat, dada yake, aliolewa na Mzanzibari aliyelowea Uholanzi tangu ujana, wakakaa Utrecht kwenye nyumba yenye bustani nyuma. Mwaka uliopita Bi Mwanahija alikwenda kwao tangu Septemba mpaka karibu na Desemba. Aliondoka Unguja akijua vuli moja tu, yaani zile mvua fupi za kufunga mwaka. Alirudi na vuli nyingine kabisa, na tangu hapo hakuacha kuihadithia.

"Kule kwa Najat," alianza asubuhi ya kwanza, chai haijamiminwa, "ukiamka unakuta miti imegeuka, mingine rangi ya bizari, mingine nyekundu kama pilipili. Unafagia majani asubuhi, jioni bustani imejaa tena. Watoto wanaokota kokwa za kahawia zinazong'ara, wanazichomeka njiti za kibiriti, wanatengeneza farasi. Mvua ikinyesha wanavaa makoti ya plastiki, wanapanda baiskeli wanakwenda skuli, wala hakuna anayelalama. Wakirudi Najat kaweka supu ya njegere kavu, nzito, kijiko kinasimama chenyewe."

Hasna alitazama dirishani. Mti mkubwa uliokuwa mbele ya jengo, wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, ulikuwa kijani vilevile kama siku aliyohamia pale.

"Na huku majani yanapukutika lini?" aliuliza mama yake.

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu si ndipo yanapochipua?"

"Huku yanapukutika na kuchipua pamoja, mama."

"Na mvua?"

"Mvua zao ni za msimu wa joto. Saa hizi ndiyo zinakwisha."

Bi Mwanahija aliweka kikombe chini. "Sasa hii vuli gani? Si ya kwetu, si ya kwao."

Aliyasema kwa upole, lakini Hasna alihisi kama kwamba hali ya hewa ya China imeandikwa kwa jina lake. Siku hiyohiyo alijiapia kwamba mama yake hatarudi Unguja bila kitu cha kuhadithia.

Kitu cha kwanza kilichokuja ni kimbunga. Kilitangazwa kwenye simu zote, skuli zikafungwa, maduka yakafungwa, treni zikasimama. Gharib alikuwa amekwenda bandari ya Nansha kufuatilia kontena la mteja, akanasa huko. Hasna alibandika utepe kwenye vioo vya madirisha, akajaza maji ndoo zote, akashinda ndani na mama yake na mtoto huku upepo ukigonga masanduku ya viyoyozi ukutani. Najat alipiga simu ya video. Alikuwa kwenye bustani yake, reki mkononi, nyuma yake majani ya rangi ya dhahabu, na mwanawe mdogo akijirusha juu ya fungu la majani hayo.

"Mama, mnaendeleaje huko?"

"Tumefungiwa," alisema Bi Mwanahija, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili amtazame mjukuu wake vizuri. Hakutoka pale mpaka chaji ilipokwisha.

Kisha ikaja sikukuu ya Wachina ya mwezi mpevu. Kila laoban aliyewahi kumuuzia Hasna kitambaa alimpa kasha la keki za mwezi, zuri, lenye kufuli ya dhahabu bandia, na ndani keki zilizotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Makasha yalirundikana juu ya friji, hayaliki na kuyatupa ni aibu. Bi Chen, mwenye nyumba, ambaye alishajifunza kwamba hawali nguruwe, alileta balungi moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Hilo lililiwa, na Bi Mwanahija akalisifu. Hasna akapata moyo. Usiku wa sikukuu hiyo watoto wa Kichina hubeba taa za karatasi, na kule Utrecht mama yake alipenda sana ile siku ya Novemba ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba na taa wakiimba, wakapewa peremende. Basi na huku taa zipo, tena nyingi zaidi. Akamnunulia Nahla taa ya sungura, wakatoka mara tu baada ya magharibi kwenda kwenye bustani kubwa ya katikati ya mji kutazama mapambo.

Taa ile ilikuwa ya betri, na ilikuwa ikipiga wimbo. Nahla alipobonyeza kuiwasha iliwaka, na alipobonyeza kuizima haikuzimika. Iliimba kwenye lifti, ikaimba kituoni, ikaimba ndani ya behewa lililojaa watu wameshikana mabega, wimbo uleule mfupi, bila kupumua. Watu walitabasamu mwanzoni. Hasna alijaribu kutoa betri, akakuta kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Walipofika, watu walikuwa wengi mno hata geti la bustani lilikuwa limefungwa na walinzi wanawaelekeza kwingine kwa vipaza sauti. Wakazunguka ukuta mzima. Geti la pili, vilevile. Miguu ya Bi Mwanahija ikaanza kuvimba, akakaa kwenye ukingo wa chungu cha maua, taa ya sungura ikimwimbia pembeni.

"Kule kwa Najat," alisema, "taa unazionea mlangoni kwako, umevaa ndara."

Hasna aligeuka akaitazama barabara, asije akajibu.

Oktoba ilipofika katikati, Gharib akapatwa na msimu wake. Ni wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, na wateja humiminika kutoka Dar, Unguja na Mombasa. Wakishatembea mabanda siku nzima, chakula cha Kichina hawakitaki. Wanataka wali. Gharib aliwaleta nyumbani kwa makundi, akimpigia Hasna simu akiwa tayari njiani.

"Mama Nahla, tunakuja. Watu wachache tu. Fanya hata pilau."

Hasna alikuwa akitoka Zhongda mikono inanuka rangi ya vitambaa, anapitia kwa muuza nyama wa Kihui, Mchina Mwislamu, anapanda ghorofa ya tisa, anasimama jikoni mpaka wageni waondoke. Bi Mwanahija alijibana naye mlemle jikoni, akimenya vitunguu na kusema kwamba kule kwa Najat mume hupika mwenyewe Jumamosi. Wageni sebuleni waliuliza kama ipo chachandu. Saa za Uholanzi nazo zilirudishwa nyuma mwishoni mwa mwezi ule, kama wanavyofanya wao kila mwaka, na simu ya Najat, ambayo zamani iliingia kabla ya chakula, sasa ikawa inaingia katikati ya kupakua. Najat alionekana amekaa kwenye kochi, blanketi miguuni, mshumaa mezani, mvua inagonga dirisha lake. Aliuliza kwa nini Hasna hana muda wa kuongea siku hizi.

Ndipo skuli ya Nahla ikatoa kazi. Kila mtoto alete majani yaliyopukutika, ya rangi za vuli, abandike picha. Kitabu chao kilitungwa kwa ajili ya nchi nzima, na nchi yenyewe ina baridi kwa upande mmoja na joto kwa upande mwingine, lakini mwalimu alitaka majani.

Jumapili walikwenda bustani ya jirani, Hasna, mama yake na mtoto. Jua lilikuwa kali, hewa kavu. Wafagiaji wenye fulana za rangi ya machungwa walikuwa wamepita mapema, njia zote safi kama sakafu ya msikiti. Waliinama chini ya kila mti. Wakapata majani machache, na yote ya kijani au yaliyotobolewa na wadudu. Nahla alianza kulia. Hasna akaruka akavuta tawi, mlinzi akampigia filimbi.

"Kule kwa Najat ungeinama tu ukajaza mfuko," alisema Bi Mwanahija.

Hasna aliachia tawi.

"Basi kule kwa Najat ndiko, mama. Kule kuna majani, kuna mvua, kuna supu, kuna mume anayepika. Mie siwezi kuyapaka majani rangi kwa mikono yangu. Kama huku kunakuchosha, niambie, Gharib atabadilisha tiketi."

Hakuwa amepandisha sauti, lakini Nahla aliacha kulia. Bi Mwanahija alikwenda akakaa kwenye benchi. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Nahadithia ya Najat kwa sababu ndiyo niliyoyaona," alisema. "Najat hakunifanyia makubwa. Akifagia, nami nafagia. Akienda sokoni, nabeba kikapu. Akienda kuchukua watoto, tunakwenda sote, tunarudi tumelowa sote. Huku nimeonyeshwa nini? Nimeonyeshwa sebule. Na ukinitoa, unanitoa kama mtalii, nawe umekasirika tangu mlangoni. Mtu akiniuliza Unguja, Hasna anaishije, nimjibu nini? Nimwambie ana friji kubwa?"

Hasira ya Hasna haikuisha, ila ghafla hakujua aiweke wapi. Alimshika Nahla mkono wakarudi nyumbani, na majani yao manne matano ndani ya mfuko wa plastiki.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa akivaa viatu, alisema bila kumtazama mama yake, "Kama unataka kuja, twende. Lakini hakuna pa kukaa."

Hapakuwa na pa kukaa kweli. Zhongda ni vichochoro vya maduka ya vitambaa visivyo na mwisho, na humo pikipiki za umeme zilizobebeshwa majora zinapita bila mlio, unazijua zikishakugusa kiuno. Bi Mwanahija aliguswa mara mbili kabla ya duka la kwanza, na mara zote mbili alilalamika kwa Kiswahili, na waendeshaji wakamjibu kwa Kikantoni. Hasna alimketisha juu ya jora la satini na kuanza kazi. Mteja wa Darajani alitaka lesi ya rangi ya maji ya bahari. Hasna alipiga picha, akatuma. Jibu likaja: sio hii, ile ya juzi. Ile ya juzi laoban akasema meiyou. Hasna akambembeleza, akamwonyesha picha ya zamani, laoban akapiga simu ghalani, meiyou. Wakaenda jengo la pili, la tatu. Adhuhuri Hasna aliswali nyuma ya rundo la vitambaa vya mapazia, mahali alipozoeshwa na mwenye duka mmoja mama wa makamo. Mama huyo alimpa Bi Mwanahija kigoda na glasi ya maji moto, wakatazamana na kutikisa vichwa kama watu wanaofahamiana. Chakula cha mchana kilikuwa mkate, Hasna akautafuna huku akitembea. Alasiri lesi ikapatikana, sawasawa na ilivyotakiwa, na mteja akajibu kwamba amebadili mawazo.

Bi Mwanahija alilalamika siku nzima. Alilalamikia miguu, vumbi la nyuzi, wanaume wanaovuta sigara mahali palipojaa nguo. Lakini hakumtaja Najat hata mara moja, na Hasna alilitambua hilo walipokuwa tayari wamepata viti kwenye treni. Hapohapo simu ikalia.

"Mama Nahla, tunakuja," ilikuwa sauti ya Gharib. "Leo fanya biriani, kuna mzee mmoja wa Kariakoo."

"Haya," alisema Hasna.

Bi Mwanahija aliisikia. Alitazama mbele mpaka wakashuka.

Biriani lilipikwa, wageni wakala, wakashukuru, wakaondoka mapema kwa kuwa mzee wa Kariakoo alikuwa amechoka. Gharib aliporudi kutoka kuwasindikiza kwenye lifti alimkuta mkwewe amekaa wima kwenye kiti chake.

"Gharib, mwanangu, kaa."

Gharib akakaa.

"Wageni wako ni watu wa heshima, na wewe ni mtu mkarimu. Kesho wapeleke mkahawani."

"Mama, hawa watu wamezoea chakula cha nyumbani. Ndiyo maana wanarudi kwangu kila mwaka, wengine wangeenda kwa mawakala wengine."

"Nimesikia. Basi wapikie wewe. Leo nimekwenda kazini na mke wako. Tangu asubuhi sijamwona akikaa, isipokuwa kwenye treni, na humo kwenye treni ndimo ulimompigia simu."

Gharib alimtazama Hasna, na jicho lile lilisema kwamba anajua nani kamtuma mama. Hasna alitaka kusema kwamba hakumtuma, kwamba na yeye ameshtuka, lakini alichoka hata kusema.

"Sawa, mama," alisema Gharib. Kwa mkwewe hakuwa na jibu jingine.

Alikasirika siku kadhaa. Wageni aliwapeleka kwenye mkahawa wa Kihui karibu na ofisi yake, akawa anarudi akieleza bila kuulizwa kwamba wali wa pale ni mgumu na mzee wa Kariakoo hakumaliza sahani. Hatimaye akamwambia mkewe, "Ungeniambia mwenyewe."

"Nilikwambia mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Hukuniambia namna hiyo."

Hasna alisimama pale na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akijaribu kukumbuka alimwambia namna gani. Alikumbuka vizuri. Alikuwa amesema maneno yaleyale.

Ile kazi ya Nahla nayo ilifanywa. Bi Mwanahija alichukua vipande vya sampuli alivyopewa na yule mama wa mapazia, manjano, hudhurungi, nyekundu, akavikata umbo la majani ya Utrecht kama alivyoyakumbuka, na Nahla akavibandika. Ilikuwa picha nzuri. Mwalimu aliirudisha na kuandika kwamba majani ya kweli ndiyo yaliyotakiwa. Watoto wengine wote walikuwa nayo. Mama zao waliyaagiza kwa simu kutoka kaskazini, majani makavu ndani ya bahasha, yakafika kwa siku mbili. Hasna, ambaye riziki yake ilikuwa kuagizia watu vitu, hakuwa amefikiria hilo. Nahla hakumsemesha mpaka kulala.

Bi Mwanahija alikaa mpaka mwisho wa Novemba. Mara nyingine alikwenda Zhongda na bintiye, mara nyingine miguu ilikataa. Waligombana juu ya chumvi, juu ya nywele za Nahla, juu ya mtandio aliopewa Bi Chen bila Hasna kuulizwa. Siku ya safari walifika uwanjani wamechelewa, kwa sababu Gharib alikuwa akisubiri kontena litoke, na kuagana kwenyewe kukawa kwa haraka, mama akiwa tayari ameshaitwa na mlinzi. Hasna alirudi nyumbani na maneno aliyopanga kumwambia mama yake, bado hajayasema.

Aprili maonyesho yalirudi, kwa kuwa hufanywa mara mbili kwa mwaka. Wageni walipowasili Gharib aliwapeleka mkahawani moja kwa moja, isipokuwa mara mbili, na hizo mara mbili alipiga simu asubuhi. Jioni ya kwanza ambayo hakuna aliyekuja, Hasna alifika nyumbani jua bado lipo. Alisimama katikati ya sebule na mkoba begani, hajui aanze na nini. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye kochi. Hakupika kitu. Walikula mkate na chai, yeye na Nahla, na Gharib aliporudi alichungulia jikoni, akafungua sufuria moja, akaifunika tena, akaenda kujikatia mkate.